Pikipiki ya Watu Watano

Barabara ya Kumi na Sita, Ngamiani,
kwenye baraza la lililokuwa duka la ushirika
(chini ya rangi ya kampuni ya simu
herufi za zamani zimevimba kama mishipa ya mguu),
ndipo tulipozihesabu pesa.
Mimi, Hizza, Shekivuli, Mbwana wa Chumbageni
na Mwanamvua, mwanamke pekee kijiweni,
anayevaa helmeti juu ya mtandio
na hakopeshi mtu nauli.

Miaka mitatu tuliendesha za watu.
Elfu kumi kila jioni, mvua inyeshe, tairi ipasuke,
uugue, uzike.
Mkataba ukikaribia kwisha
bosi hulikumbuka kosa lako la mwezi wa pili.

Shuleni tuliandika: ubepari ni unyama.
Tukawekewa vema nyekundu,
tukatoka nje kwa mbio
kila mmoja akiota kuwa bosi.

Hizza ndiye aliyetuamsha, bila kukusudia.
Alikopa kwenye simu, mkopo wa kausha damu,
laki mbili ikazaa, wajukuu wakazaa,
hata mama mkwe wake kule Muheza akapata ujumbe:
"Ndugu yako anadaiwa. Mshauri alipe."
Ndugu!
Neno la mikutano ya kijiji,
la vidole vilivyoinuliwa kuomba nafasi ya kusema,
limerudi mjini limevaa riba.

"Tununue moja, yetu," akasema Mwanamvua. "Kwa zamu."
Shekivuli akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto.
"Huo si ujamaa huo?
Babu yangu alihamishwa kule Handeni
na godoro kichwani,
kuku wakabaki kwenye nyumba isiyo na mtu.
Mimi nataka changu."
"Chako kipi?"
Ikapita baiskeli ya mikate.
Ikapita nyingine.

Tukaenda kwa babake Mbwana,
aliyekuwa karani wa duka lile lile,
anayejibu kwa vina hata akiulizwa saa.
Akakohoa, akatema:

Sukari ya kupimiwa, kwa kikombe na kijiko,
Kitambaa chagawiwa, kwa foleni na viboko,
Leo vyote nauziwa, ila sina cha mfuko,
Mnaniuliza kuwa, upi bora? Jibu liko.

Tukangoja jibu.
Akaomba chai.

Basi tukanunua, nyekundu, ya mkono wa pili,
ina kovu kwenye tangi.
Kuhusu maandishi ya nyuma tuligombana wiki nzima.
Hizza alitaka UMOJA. Shekivuli: JASHO LANGU.
Mbwana alitaka jina la timu yake, akazomewa.
Mwishowe fundi rangi alichoka kutusubiri
akaandika ZAMU, kwa sababu, alisema,
ndilo neno analolisikia tukilirudia.

Wiki ina siku saba, sisi watano.
Jumamosi na Jumapili ndizo siasa yetu.
Tumejaribu kura, tumejaribu karata,
tumejaribu kumpa mwenye mgonjwa nyumbani,
na ghafla kila nyumba ikawa na mgonjwa.
Mwanamvua anatunza daftari.
Hesabu ikipungua hasemi kitu,
anakugeuzia ukurasa usome mwenyewe,
nawe unatamani afadhali angekutukana.

Sijui tuite nini.
Mdogo wangu wa chuo ana maneno yake, marefu, amenieleza,
nikamwambia njoo Alhamisi saa kumi na moja alfajiri
pale stendi, pikipiki imegoma kuwaka
na aliyeitumia jana hapokei simu,
halafu unieleze tena.

Lakini juzi, siku isiyo yake,
nilimkuta Shekivuli amechuchumaa peke yake,
mswaki wa zamani mkononi,
anaisugua minyororo jino kwa jino.
"Chumvi ya mji huu," akasema bila kuinua uso,
"itatulia chuma."
Nikakisikia kile kitu kidogo katikati ya neno, itatulia,
nikanyamaza, nisimshtue.

Akanipa ufunguo. Mafuta nusu tangi.
Ananidai mia tano ya grisi.
Au tunadaiwa. Ijumaa tutajua.